Ukuta Unaouegemea Mlima

Barabara inayopanda kutoka Chimala hadi Matamba ina kona 57, na wenyeji huiita kwa idadi hiyo hiyo: Hamsini na Saba. Unaiacha barabara kuu ya Mbeya na Iringa, unazipita nyumba za mwisho za mji, kisha gari linaanza kuukwea ukingo wa Nyanda za Juu kwa gia nzito, mpaka bonde la Usangu na majaruba yake ya mpunga linabaki chini kabisa nawe unaanza kutafuta sweta. Viazi vya Matamba hushuka kwa njia hii. Wanaokwenda Kitulo kutazama maua hupanda kwa njia hii. Na kila anayepita, apande au ashuke, anapita juu ya mlima uliokatwa.

Mlima ukishakatwa unataka kurudi mahali pake. Kiangazi unakaa kimya, lakini mvua zikianza Novemba na kuendelea hadi Aprili, udongo unanyonya maji, unakuwa mzito, unasukuma. Mkazi wa Chimala anayetaka kujenga upande wa mlimani analijua jambo hili vizuri. Akichimba mteremko apate pa kuweka nyumba, lazima ajenge na ukuta wa kuuzuia udongo uliobaki juu yake, na ukuta huo ukiwa dhaifu ni heri asingeujenga kabisa, maana utaanguka pamoja na mlima na kuongeza uzito wa maporomoko.

Nilikaa kumtazama fundi mmoja akijenga ukuta wa namna hiyo chini ya ukingo, wa mawe matupu na saruji, kimo chake mita 3, urefu mita 16, na nguzo tatu za mawe zilizotokeza mbele kuuegemeza. Fundi ni mzee wa Kiwanji, mzaliwa wa huko juu, aliyeteremka ujanani kufuata kazi na hakurudi. Vijana wawili wanaomsaidia wanamwita Babu, nami nikamwita hivyo hivyo.

Siku ya kwanza hakuna jiwe lililowekwa. Babu alipanda juu ya mkato, akatembea taratibu ameinama, akichokoa udongo kwa ncha ya mtaimbo. Akashuka, akamuuliza mama mwenye kiwanja, “Mama, masika maji yanashukia wapi hapa?” Mama akaonyesha kwa mkono upande wa mwembe. Babu alishukuru, lakini hakuridhika. Akapanda tena hadi kwa jirani wa juu, bibi aliyekuwa akianika mahindi, wakaamkiana kwa lugha ya kwao, wakaulizana habari za wajukuu na za mavuno, na katikati ya mazungumzo hayo, bila haraka yoyote, likapatikana jibu: palikuwa na mfereji wa zamani uliokatiza pale, ukazibwa watu walipoanza kupima viwanja. Maji yakiwa mengi bado huufuata. Babu alirudi akaweka kigingi kwenye ukingo wa mkato, hatua kadhaa kutoka kwenye mwembe. Hapo ndipo ukuta ungepigwa na maji, na tangu saa ile kila alichokifanya alikifanya akiwa na kigingi kile mbele ya macho yake.

Kisha zikaja sururu na chepe. Msingi ulichimbwa kwa kipimo kisichoandikwa popote: kila baada ya muda Babu aliunyanyua mtaimbo hadi kifuani na kuuachia uanguke kwa uzito wake. Pale ulipozama, vijana waliendelea kuchimba. Ulipodunda na kutoa mlio mkavu, alisema, “Basi hapo.” Upana wa msingi ulizidi nusu ya kimo cha ukuta, zaidi kidogo ya mita moja na nusu. Kuta za aina hii hazina nondo ndani yake. Kinachozisimamisha ni uzito wao wenyewe, na uzito unahitaji tako pana la kukalia. Ukipiga hesabu, kila mita moja ya urefu wa ukuta huu ina zaidi ya tani 7 za mawe na saruji. Mlima unasukuma kwa ubavu, ukuta unajibu kwa kuelemea chini.

Kulikuwa na jambo dogo ambalo mtu asingeliona kama hakukaribia shimo. Sakafu ya msingi haikuwa sawasawa. Upande wa nyuma, wa mlimani, aliuteremsha kwa kiasi cha kiganja kuliko upande wa mbele, ili kozi ya kwanza kabisa ya mawe iwe imeinamia mlima. Pima maji ilikuwepo, lakini safari hii aliitumia kuhakikisha kwamba sakafu *haiko* sawa, na kwamba mwinamo wake ni uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Jiwe lililolazwa hivi, likisukumwa kutoka nyuma, inabidi lipande kidogo kabla halijateleza mbele. Linapata kazi ya ziada ya kukataa.

Mwinamo huo huo akauhamishia kwenye uso wa ukuta. Kila mwisho alisimamisha kiunzi cha mbao kilicholalia nyuma sentimita 10 kwa kila mita 1 ya kimo, akavuta kamba kutoka kiunzi hadi kiunzi. Ukuta wa mita 3 ungemaliza ukiwa umerudi nyuma sentimita 30. Alikihakiki kiunzi kwa timazi: akaishusha kutoka juu ya ubao, akasubiri itulie kabisa, akapima umbali kati ya uzi na ubao kule chini. Upepo wa mchana kutoka Usangu ulikuwa ukiichezesha, naye alisubiri. Hakuushika uzi kuutuliza kwa kidole kama wafanyavyo wengi. Alipouacha utulie wenyewe, kiunzi cha kushoto kikaonekana kimepotoka upana wa kucha, akakigonga mpaka kikakubali.

Mawe yaliletwa na Fuso, tripu baada ya tripu, yakamwagwa pembeni kwa kishindo na vumbi. Hapa ndipo ilipoanza sehemu ya kazi iliyonivutia kuliko zote. Babu hakuanza kujenga, alianza kuchagua. Mawe makubwa yenye mgongo na tumbo bapa yalisogezwa karibu na msingi. Marefu, ya kufikia urefu wa mkono mzima wa mtu, yaliwekwa peke yake na vijana wakakatazwa kuyagusa. Yenye pembe mbili safi yalitengwa kwa ajili ya kona na nguzo. Ya wastani yakabaki katikati, wingi wa lundo. Vipande vya kiganja vikawa na fungu lao, vikilindwa kama vile na vyenyewe vilinunuliwa. Na likawepo fungu la yaliyokataliwa. Humo mliingia mawe ya mtoni, ya mviringo na laini, ambayo machoni yanapendeza kuliko yote. Jiwe la mviringo halina pa kukaa. Likikandamizwa linataka kubingirika, na kinacholishikilia ni saruji peke yake. Mliingia pia mawe yaliyooza, ambayo kwa nje ni magumu lakini yakipasuka yana rangi ya kutu na yanamong'onyoka.

Nilimuuliza anajuaje lililooza kabla hajalipasua. Akanipa nyundo. “Gonga hili.” Nikagonga; jiwe likajibu kwa mlio mkali, wa juu, uliobaki hewani kidogo. “Sasa gonga hilo hapo.” Lilikuwa la ukubwa uleule na rangi ileile, lakini sauti ilikuwa fupi na nzito, ikaishia palepale. “Hilo limekufa ndani,” alisema, na kijana mmoja akalivuta kwenda kwenye fungu la yaliyokataliwa. Baada ya hapo nilianza kusikia jinsi anavyogonga kila jiwe kabla ya kulinyanyua, pigo moja jepesi la mpini au la nyundo, huku akizungumza mambo mengine.

Nilimwona akilikata jiwe moja ambalo lilifaa kila upande isipokuwa moja, uliokuwa na kibyongo. Alilimwagia maji kutoka kwenye kopo, akalitazama likikauka. Mahali penye mstari wa ndani palichelewa kukauka, pakabaki pameonekana kwa weusi mwembamba. Akaweka tindo juu ya mstari huo, akapiga pigo dogo, akaisogeza upana wa kidole, akapiga tena, mpaka mwisho wa mstari, kisha akarudi mwanzo. Mara ya pili mlio ulikuwa umeshuka. Mara ya tatu ulishuka zaidi. Kisha, kwa pigo lisilokuwa na nguvu kuliko la kwanza, kibyongo kikaachia na kuanguka kando, na uso uliobaki ulikuwa bapa kiasi cha kuweka kikombe cha chai. Kipande kilichoanguka hakikutupwa. Kilikwenda kwenye fungu la vipande.

Kuhusu mchanganyiko nitasema machache, kwa kuwa mwenyewe hakuupa maneno mengi. Saruji ya Songwe, mchanga wa mtoni uliochekechwa, ndoo moja kwa nne, ukichanganywa mkavu mara mbili kabla ya maji kuingia. Maji kidogo. Mchanganyiko ulipaswa kukaa kwenye mwiko ulioinamishwa bila kuteleza mara moja. Ukiwa na maji mengi, jiwe zito huukamua na kuutoa nje, likabaki limekalia hewa.

Kujenga kwenyewe kulikwenda hivi. Babu alisimama mbele ya pengo lililokuwa likisubiri jiwe, akalitazama. Alikuwa analipima pengo kabla ya kwenda kwenye lundo, na alipofika lundoni mara nyingi alinyoosha mkono kwenye jiwe moja tu. Alilifuta vumbi kwa brashi kuukuu, akalilowesha, kwa maana jiwe kavu hunywa maji ya saruji na kuiacha bila nguvu. Akatandika mchanganyiko, akalilaza jiwe kwa upande wake mpana, akalitikisa huku na huku mpaka likazama na mchanganyiko ukachungulia pembeni, akaligonga kwa mpini. Kisha akajaribu kulitingisha kwa mikono miwili. Likicheza hata kidogo, alilinyanyua na kuanza upya, ijapokuwa mchanganyiko ungeganda baada ya saa chache na kulifunga. Kwake, saruji ilikuwa ya kulijazia jiwe lililokwisha kutulia lenyewe.

Upande mrefu wa jiwe uliingia ndani ya ukuta, na uso wake mfupi ndio uliotazama nje. Mtu anayejenga ili asifiwe hufanya kinyume: hulaza jiwe kwa urefu wake usoni, ukuta ukapanda haraka na ukaonekana una mawe makubwa, kumbe ni ngozi tu yenye kina cha kiganja. Mshono wa wima kati ya mawe mawili haukuruhusiwa kukutana na mshono wa kozi ya juu. Kila jiwe lilikalia mawili. Na kila alipopanda kama nusu mita, alisimama, akazisawazisha kozi zote kwa kamba kabla ya kuendelea, hivyo mawe ya kila umbo yalirudi kukubaliana kwenye mstari mmoja. Yale marefu yaliyokatazwa kuguswa sasa yalipata kazi. Kila baada ya mita moja hivi Babu alilaza moja likiingia kutoka usoni hadi ndani kabisa, likiufunga mbele na nyuma ya ukuta viwe kitu kimoja. Kichwa chake tu ndicho kilichobaki kuonekana nje, jiwe dogo la kawaida kwa anayepita.

Nguzo za kuegemeza ndizo zilizonifanya nirudi kila asubuhi. Kazi yake ni rahisi kueleza: ukuta ukisukumwa mbele, nguzo iliyo mbele yake inausukuma nyuma. Lakini nguzo hufanya hivyo endapo tu ni sehemu ya ukuta. Nimeona, na bila shaka msomaji ameona, ukuta uliopata ufa masika moja, na kiangazi kilichofuata mwenye nyumba akabandikiwa nguzo kwa mbele. Baada ya mvua nyingine ufa wa wima unatokea pembeni mwa nguzo, ukuta unaendelea na safari yake, na nguzo imesimama peke yake haizuii chochote.

Za Babu zilianza chini kabisa, ndani ya msingi uleule, uliochimbwa ukitokeza mbele katika sehemu tatu, mita 4 kutoka moja hadi nyingine. Chini zilitokeza sentimita 80. Kila kozi ya pili, jiwe moja refu lilitoka ndani ya ukuta na kuingia ndani ya nguzo. Kozi iliyofuata, lingine lilitoka ndani ya nguzo na kuingia ukutani. Nilipochuchumaa kutazama kwa karibu sikuweza kusema nguzo inaanzia wapi. Pembe za mbele zilijengwa kwa yale mawe yenye pembe safi, moja likielekeza urefu wake kushoto, linalofuata likielekeza kulia, na zilivyopanda zilizidi kurudi nyuma kwa mwinamo mkali kuliko wa ukuta, mpaka nguzo ikawa nyembamba na kuyeyukia ukutani nusu mita kabla ya kufika juu. Hapo alilaza jiwe moja pana lililoinama mbele, ili mvua isituame juu ya nguzo. Jiwe hilo alilitafuta muda mrefu kuliko jiwe lingine lolote. La nguzo ya kati, iliyo mkabala na kile kigingi cha mfereji, alilikuta ndani ya fungu la yaliyokataliwa, likiwa limekataliwa kwa sababu ya wembamba wake.

Sasa niseme la nyuma ya ukuta, ambalo mwenye kiwanja hataliona tena. Udongo mkavu una msukumo wake, na ukuta uliopimwa vizuri unaumudu. Maji ni habari nyingine. Yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 3 yasipate pa kutokea, kila mita moja ya urefu wa ukuta husukumwa kwa nguvu ya tani 4 na nusu, na hayo ni maji peke yake, kabla hujauhesabu udongo. Kuta nyingi zinazoanguka masika zimeuawa na maji. Kwa hiyo kadiri ukuta ulivyopanda, Babu alipanga nyuma yake mawe makavu bila saruji, kwa mkono, kwa unene wa hatua moja, kisha kokoto, kisha mchanga wenye chembe kubwa upande wa udongo ili matope yasije yakaziba nafasi. Hakuruhusu yamwagwe kwa toroli. Yakimwagwa, makubwa yanabingirika chini na madogo yanabaki juu, nayo maji yanapata vyumba na vizuizi badala ya njia moja. Mabomba ya plastiki yalipita katika ukuta kila baada ya mita moja na nusu, yakiinama kuelekea nje, safu ya juu ikikaa katikati ya nafasi za safu ya chini. Karibu na kigingi aliyaweka mawili pamoja. Juu kabisa, kokoto zilipomalizika, akafunika kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na kuinamishwa, na nyuma yake mfereji mpya wa kuyachukua maji ya bibi wa mahindi kabla hayajafika.

Waliotutangulia waliweza kulifanya hili bila saruji. Huko Engaruka, kaskazini mwa nchi, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wakulima wa karne zilizopita walijenga matuta ya mashamba na mifereji kwa mawe makavu yaliyopangwa tu, juu ya maelfu ya ekari, na mengi bado yanaonekana. Ukuta wa mawe makavu hauna haja ya bomba, kwani wote mzima unapitisha maji. Babu alipounga nyuma ya ukuta wake kwa mawe makavu alikuwa anajenga kuta mbili: moja ya kuzuia na nyingine ya kuachia.

Usoni, mishono aliimalizia kwa kuirudisha ndani kidogo kuliko mawe, akiikwangua kwa ncha ya mwiko kabla haijakauka na kuipiga brashi. Siku hizi wengi hupenda mshono uliotuna, mstari mnene wa saruji unaozunguka kila jiwe, wakati mwingine umepakwa rangi nyeupe. Mimi siupendi. Unalificha jiwe linavyokalia jingine, na unamwezesha fundi mvivu kuchora mawe ambayo hayapo. Katika ukuta wa Babu kila kitu kiko wazi na chaweza kukaguliwa. Kisha magunia yakafunika uso wote, na vijana wakawa wanamwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, jua la Agosti lisije likaikausha saruji kabla haijakomaa.

Kanuni hizi hazikwepeki hata ukuta ukiwa wa mezani. Ng'ambo kuna watu wazima wanaounda reli ndogo za kuigiza, zenye milima, vituo, madaraja na kuta za mawe, na ninawaheshimu. Uingereza, katika kijiji cha Long Wittenham, ipo makumbusho ya Pendon, iliyoanzishwa mwaka 1954 na Roye England, mtu aliyetoka Australia, ambako nyumba na njia za miaka ya 1920 na 1930 zimeundwa upya kwa kipimo cha 1 kwa 76. Tuseme kijana wa Mbeya aamue kuiunda TAZARA yetu, kilomita zake 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, au walau kipande hiki cha Chimala ambako treni, ikitoka Makambako, inaelekea kupanda hadi Uyole, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari, mahali pa juu kuliko pote kwenye njia nzima. Akitumia kipimo cha 1 kwa 87, kinachotumika zaidi duniani, njia ya milimita 1,067 inakuwa ya milimita 12. Ukuta wa Babu unakuwa na kimo cha sentimita 3 na nusu. Jiwe la sentimita 30 linakuwa dogo kuliko punje ya mchele wa Mbarali, na mshono kati ya mawe mawili ni kama robo ya milimita, wa kuchorwa kwa sindano kwenye jasi.

Hata kwa udogo huo, jicho halidanganyiki. Anayeanza huchora mawe yote sawa, mshono juu ya mshono, na nguzo huzibandika mbele kwa gundi. Ukuta wake unaonekana wa uongo na mtazamaji hajui kwa nini. Bingwa huchora jiwe refu likitoka ukutani na kuingia ndani ya nguzo. Huulaza uso nyuma. Huweka mawe makubwa chini, hutoboa matundu ya maji na kupaka alama ya unyevu chini ya kila tundu. Jasi haisukumwi na mlima wowote, na mvua haitanyesha juu ya meza yake, ila bado analazimika kufuata kila kanuni ambayo Babu aliifuata kwa sababu ya tani 7 na maji ya mfereji wa zamani. Ninachokiona hapo ni hiki: uzuri tunaouona kwenye ukuta wa mawe ni uimara wake unaoonekana. Jicho la mtu asiyejua ujenzi linatambua jiwe lililotulia, na linatambua jiwe linalodanganya.

Nilipomwambia Babu habari ya watu hao, alisikiliza kwa makini, akauliza swali moja. “Na ile kokoto ya nyuma, wanaiweka?” Nikamwambia hapana, nyuma huwa ni ubao au karatasi ngumu. Akafikiri. “Basi wana bahati,” alisema, akarudi kumwagilia.

Nina neno kwa mwenye kiwanja cha mteremko, awe Chimala, Matamba, Tukuyu au Lushoto. Unapopatana bei na fundi mawe, mara nyingi mnapatana kwa mita za ukuta unaoonekana, na fundi akiminywa bei anapunguza pale usipopaona: anamwaga kifusi nyuma badala ya kupanga, anaacha bomba moja kati ya mawili, analaza mawe marefu usoni. Patana naye pia kwa kazi ya nyuma. Nunua kokoto na mabomba mwenyewe, uyahesabu yakiingia. Mpe siku zake za kuchagua mawe bila kumsimamia ukiuliza mbona ukuta haupandi. Na akikuuliza masika maji yanashukia wapi, usimwonyeshe kwa mkono tu. Panda naye hadi kwa jirani wa juu mkaulize.